Tanzania iwafungulie wageni dhamana za muda mfupi kama Kenya?

Nahodha: Wadau, Kenya iliondoa udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, Uganda ikafuata 1997. Leo mfuko wa uwekezaji wa London unajinunulia dhamana zao, yaani unaikopesha serikali kwa siku 91, 182 au 364. Sisi tuliwafungulia Afrika Mashariki mwaka 2014, ila huyo wa London bado yuko nje ya geti. Tunafaidika nini?

Kiroboto: Tunalala usingizi. Waulize Misri. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022, wageni waliuza dhamana na kuondoka na zaidi ya dola bilioni 20 kwa miezi michache. Machi 2024 paundi ikaporomoka kutoka 31 hadi karibu 50 kwa dola.

Mkamba_Halisi: Watanzania mnaogopa pesa tangu Azimio. Sisi Kenya mapema 2024 wageni waliingia, shilingi ikapanda thamani kutoka 160 hadi 130 kwa dola. Nyinyi dola mlizitafuta kwa tochi.

Kiroboto: Waliingilia bondi (dhamana ya muda mrefu) ya miundombinu, mkuu. Ya Februari, 18.46% bila kodi, miaka minane na nusu. Hapo kuna ufupi gani? Na Eurobond, yaani mkopo wenu wa dola bilioni 1.5 kwenye masoko ya nje mwezi huohuo, umeiruka makusudi.

Mwanamtama: Azimio la Arusha ni la 1967! Limeingiaje kwenye kanuni za 2014? Kila mjadala lazima mtuingize ujamaa.

Bi_Shemeji: Achana na Azimio. "Mnaogopa pesa" ndiyo imenikera. Mkamba, umewahi kununua hata dhamana moja?

Mkamba_Halisi: Ya siku 364, riba ikakatwa kodi 15%. Nikutumie picha?

Bi_Shemeji: Picha ya nini, piga hesabu. Mgeni alete dola 1,000 kwa 160, ni shilingi 160,000. Riba tuseme 16%, toa kodi yenu, anabaki na 181,760. Abadilishe kwa 130, anaondoka na karibu dola 1,400. Na hao ndio unawapigia vigelegele?

Mkamba_Halisi: Alibahatisha. Angeingia Misri Februari hiyohiyo angelia.

Kiroboto: Ahsante, ndicho nilichosema.

Mkamba_Halisi: Hujasema chochote. Kwetu dhamana fupi zimeshikwa na benki na mifuko ya pensheni. Wageni ni kiduchu, hata wakiondoka wote hatutikisiki kama Misri.

Mwanamtama: Kama ni kiduchu, majigambo yote yale ya nini?

Nahodha: Jamani, niliuliza kuhusu Tanzania. Benki zetu zikibaki peke yake mnadani, si ndizo zinazoipangia Serikali riba?

Mwanamtama: Mkamba hajanijibu.

Mgeni_Jukwaani: Samahani wakubwa, mtu wa kawaida anaweza kununua hizi dhamana?

Bi_Shemeji: Unaweza mdogo wangu. Za Benki Kuu (BoT) zinaanzia laki tano. Nenda benki au kwa dalali, wakufungulie akaunti ya CDS, ndiyo inayotunza dhamana zako. Unalipa pungufu leo, siku ikifika unapewa thamani kamili. Usitishwe na kelele za humu.

Mkamba_Halisi: Na mimi wa Machakos naruhusiwa?

Kiroboto: Tangu 2014. Panga foleni kama wengine.

Mkamba_Halisi: Foleni yenyewe fupi, naona mko wawili.

Mwanamtama: Bado unadaiwa jibu.