Kuskani picha za karatasi kwa kazi ya slaidi: skana ya kioo, ya kumeza, au kamera?

MpangaSlaidi
Heshima kwenu wakuu. Nina kazi ndogo ya kutengeneza video za slaidi: harusi, kumbukumbu za marehemu, wazee wanaostaafu. Zamani wateja walikuwa wananitumia picha za simu, sasa wanakuja na picha za karatasi ndani ya mifuko na bahasha. Nimetenga fungu la kununua kifaa na nataka niamue wiki hii. Nimebaki na vitatu: skana ya kioo kama Epson V600, skana ya kumeza (inayovuta picha yenyewe) kama Epson FastFoto FF-680W, au nitumie kamera niliyonayo na stendi. Ipi inafaa? Natanguliza shukrani.

Pikseli
Mkuu, hapo hatuwezi kukusaidia bado. Picha ngapi kwa kazi moja? Za ukubwa gani? Ziko mojamoja au zimebandikwa kwenye albamu? Video unatoa HD au 4K? Bila hayo kila mtu atakutajia mashine anayoipenda yeye.

LenziNdefu
Kamera. Stendi imara, lenzi ya makro, taa mbili kwa nyuzi 45, moja kila upande. Ukishapanga mwanga, kazi iliyobaki ni kubadilisha picha na kubonyeza. Skana ya kioo haikufikii kwa kasi. Picha zinazong'aa zisikutishe: weka vichujio vya polaraizi kwenye taa na kingine kwenye lenzi, halafu zungusha cha lenzi mpaka mng'ao upotee. Tena kamera haigusi picha. Iliyopasuka, iliyobandikwa kwenye kadibodi, iliyo ndani ya fremu, zote zinapita.

Kiooni
Kusawazisha hizo taa si kazi ya dakika mbili. Kona moja ikififia kidogo huioni kwenye kamera, utaiona kwenye projekta mbele ya watu. Skana ya kioo inatoa mwanga uleule kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, na mfuniko unailaza picha bapa.

Ila angalia sensa. Zile skana nyembamba zinazotumia umeme wa USB, mfano Canon LiDE 300 na LiDE 400, zina sensa ya CIS. Ni nyepesi na hazisumbui, lakini zinaona vizuri kile kilichogusa kioo tu. Picha ya zamani iliyojikunja, sehemu iliyoinuka inatoka na ukungu. V600 ina sensa ya CCD, hiyo inavumilia picha iliyoinuka kidogo. Mimi sibadilishi.

FailiSafi
Mtoa mada ana biashara, si jumba la makumbusho. FF-680W inapokea picha 36 kwa mkupuo, picha moja kwa sekunde ukiwa kwenye dpi 300 (nukta kwa inchi), na inafika dpi 600 za kweli. Inaskani mbele na nyuma kwa mpito mmoja, kwa hiyo maandishi ya nyuma unayapata bila kazi ya ziada. Kwenye kioo cha A4, picha za sentimita 10 kwa 15 zinaingia tatu tu, za 9 kwa 13 zinaingia nne. Fungua mfuniko, panga, funga, subiri. Bahasha moja itakukalisha mpaka usiku.

MpangaSlaidi
Asanteni sana. Picha ni mchanganyiko. Nyingi ni za kawaida, lakini kuna za albamu pia, zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu. Muda ndio unaonibana zaidi, msiba haungoji.

Pikseli
HD au 4K hujajibu, basi nakuwekea hesabu zote mbili. Picha ya 10 kwa 15 kwa dpi 300 inakupa takriban pikseli 1800 kwa 1200. HD ni 1920 kwa 1080. Kwa hiyo picha ikitulia kwenye skrini, inatosha. Lakini kwenye slaidi picha huwa haitulii: unaanza na kundi zima, kisha unasogea taratibu hadi kwenye uso wa mama mwenyewe. Ukisogea mpaka nusu ya upana, umebaki na pikseli 900 zinazonyooshwa zijaze 1920, na sura inalegea. Kwa dpi 600 una 3600 kwa 2400. Hapo unasogea mpaka nusu na HD inabaki safi, na hata 4K, yaani 3840 kwa 2160, unaikaribia.

Picha ndogo za pasipoti, za sentimita 3.5 kwa 4.5, hizo ziskani kwa dpi 1200. Utapata kama 1650 kwa 2125. Ukizidisha hapo kwenye karatasi, unachokuza ni vumbi na nyuzi za karatasi yenyewe. Ile 6400 inayotajwa kwenye V600 ni kwa ajili ya filamu.

mama_albamu
Mimi naomba niongeze njia ya nne ili uiepuke: kumpa mtu mwingine akuskanie. Nilipata kazi ya kumbukumbu ya mzee mmoja, familia ikaleta picha za maisha yake yote. Binti yake alikuwa amezipanga mwenyewe, kuanzia utotoni hadi uzeeni, kila kipindi na bahasha yake. Nyuma ya nyingi kulikuwa na mwandiko wa marehemu: nani yuko kushoto, nani kulia, mwaka gani. Nilikuwa na kazi nyingine mkononi, nikazipeleka kwenye ofisi moja inayofanya shughuli hiyo. Nikawaeleza kwa mdomo na kwa maandishi kwamba mpangilio usiguswe na pande za nyuma ziskaniwe.

Zikarudi kwenye rundo moja, bahasha zote zikiwa tupu pembeni, rundo limefungwa mpira uliokwisha kuacha alama kwenye kingo. Pande za nyuma hawakuskani hata moja. Faili zimepewa namba mfululizo bila mpangilio wowote, na tarehe ya kila faili ni siku waliyoskani, kwa hiyo programu ya slaidi haikuwa na cha kushika. Mashine yao ilikuwa imeachwa ikate kingo yenyewe, ikala mihuri ya studio na tarehe zilizochapwa kwenye ukingo mweupe, na kwenye picha moja ikamkata mtoto aliyesimama pembeni. Rangi nayo ilisahihishwa yenyewe: picha ya machweo imekuwa ya mchana, na za nyeusi na nyeupe zimepakwa ubluu.

Ilibidi nikae na yule binti, na yeye yuko kwenye majonzi, tugeuze picha mojamoja kusoma nyuma na kuzipanga upya. Familia haikunilaumu, lakini mtu aliyefiwa hapaswi kufanya kazi hiyo. Tangu hapo picha ya mteja haitoki mikononi mwangu. Napiga picha ya kila ukurasa wa albamu kwa simu kabla sijagusa kitu, kila bahasha inapata herufi yake, na faili inaanza na herufi hiyo: A001, A002. Ulinganisho wa mashine ni muhimu, lakini ukipoteza mpangilio hakuna dpi itakayokurudishia.

FailiSafi
Pole sana dada. Ila hilo ni kosa la ofisi, si la skana ya kumeza. Kukata kingo na kusahihisha rangi ni vitu vinavyozimwa kwenye programu.

Kiooni
Vinazimwa, ndiyo. Lakini kuna lisilozimwa: chembe moja ya vumbi ikitua kwenye kile kioo chembamba cha ndani, inachora mstari kwenye kila picha itakayopita. Usipokagua katikati ya kazi, umeharibikiwa na mkupuo mzima. Na picha yenye kipande cha gundi nyuma au kona iliyochanika, kuipitisha kwenye roli ni kuihatarisha mali ya mtu.

mama_albamu
Kiooni yuko sahihi hapo, ingawa sijasema ofisi ile ilitumia mashine ya aina gani. Sijui, na hawakuniambia.

Mzee wa Chumba cha Giza
Nimesafisha picha miaka mingi, naomba niseme kuhusu hizo albamu za gundi. Usivute picha kwa kucha. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha toka kona, uende mbele na nyuma taratibu. Ikigoma, iache. Fungua nailoni kama inafunguka, laza ukurasa mzima kwenye kioo, skani ukurasa, kisha ukate picha kwenye kompyuta. Hiyo peke yake inatosha kuondoa skana ya kumeza kwenye nusu ya kazi zako.

Jambo la pili ni rangi. Picha nyingi za rangi za zamani zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati ndiyo iliyofifia zaidi, hata zikiwa zimefungiwa kabatini. Kuirudisha kunahitaji data ya kutosha, kwa hiyo skani kwa biti 48 za rangi na uhifadhi TIFF, faili lisilopoteza data. JPEG utatoa mwishoni.

FailiSafi
Mzee, kwa heshima zote, TIFF kwa slaidi ni mzigo. Picha moja ya 3600 kwa 2400 ni kama megabaiti 26 kwa biti 24, na 52 kwa biti 48. Video yenyewe ikitoka kwa H.264, ule mbano wa kawaida wa video, inabanwa kuliko JPEG nzuri yoyote. Nani ataona tofauti?

Mzee wa Chumba cha Giza
Tofauti haiko kwenye video, mwanangu. Iko kwenye marekebisho kabla ya video. Vuta samawati kwenye JPEG ya picha iliyofifia, utaona ngozi inavunjika mabaka na anga linaanza kuonyesha mistari. Na JPEG kila ukiifungua, ukairekebisha na kuihifadhi tena, inapoteza kitu.

FailiSafi
Kwa picha zilizofifia sana nakubali. Kwa zilizo nzima, hapana.

Pikseli
Hapo mnaweza kukutana: TIFF kwa zinazohitaji matengenezo, JPEG ya ubora wa juu kwa zilizobaki. Kinachonitia wasiwasi mimi ni programu. Nimeona skana nzima zikitupwa kwa sababu kompyuta imesasishwa na dreva, yaani programu ya kuiendesha skana, hakuna. Programu ya VueScan inaamsha nyingi za zamani. Mpanga, kabla hujanunua mpya, una skana yoyote iliyolala nyumbani?

MpangaSlaidi
Ninayo printa yenye skana juu, lakini picha zikitoka zina vidoadoa kama vitobo vya asali. Nilidhani ni ubovu wa skana.

Kiooni
Iguse picha yenyewe ya mteja, yaani ipapase. Si karatasi ile ya vinundu, iliyopendwa sana miaka ya 1970? Hiyo inasumbua skana yoyote, kwa sababu taa inapiga kutoka upande mmoja na kila kinundu kinatupa kivuli. Skani mara moja, igeuze nyuzi 180, skani tena, kisha changanya faili mbili kwenye programu ya picha. Vivuli vinapungua sana.

LenziNdefu
Au taa mbili za pande mbili, ambazo nilizitaja mwanzoni. Kwa karatasi hiyo hasa, kamera inashinda.

Kiooni
Kwa karatasi hiyo, nakupa.

mama_albamu
Na picha za studio, mwenye haki anaweza kuwa mpigapicha, si aliyepigwa. Kwa video ya familia sijaona mtu akigombana, lakini ukitaka kuiweka mtandaoni kutangaza kazi yako, omba ruhusa, na ya familia pia.

MpangaSlaidi
Nimewaelewa. Naelekea kwenye kioo, ingawa ile kasi ya kumeza bado inanivuta. Samahani nilisahau jambo moja: mteja wa leo kaleta bahasha ya negativu, na picha zake za karatasi zilishapotea. V600 inaziweza?

Mzee wa Chumba cha Giza
Inaziweza. Ina taa kwenye mfuniko na vishikio vya milimita 35 na vya filamu pana ya 120. Zishike kingoni, na glavu za pamba kama unazo. Lakini niambie kwanza: ni za rangi, zenye ule ukanda wa rangi ya machungwa, au ni za nyeusi na nyeupe? Kama ni za nyeusi na nyeupe, zima Digital ICE. Inatafuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, na fedha iliyo kwenye filamu hiyo inauzuia mwanga huo, kwa hiyo inaharibu picha ikidhani inasafisha.

LenziNdefu
Negativu mimi napiga kwa kamera na sanduku la mwanga chini. Ziko ngapi? Na zimekatwa vipande au bado ni rola nzima?