MJADALA: Fundi wa ndege za kijeshi aruhusiwe kuacha alama yake kwenye ndege aliyoitengeneza, au saini ya kitabuni inatosha?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa uzito wake, maana kila likiguswa huishia kwenye picha za kuchekesha na mada inakufa.

Mafundi wa ndege za kijeshi wana desturi ya zamani ya kuacha alama kwenye ndege walizozitengeneza. Mmoja ataandika jina na tarehe upande wa ndani wa kifuniko kabla hajakifunga. Mwingine atabandika stika ya kikosi chake. Kwenye manowari za kubeba ndege za Marekani desturi hii imekwenda mbali zaidi: rubani akikosea akatua kwenye meli isiyo yake, ndege yake hurudishwa kwao imechorwa na kuandikwa rangi kila upande na wenyeji. Makamanda wengine hukataza mambo haya, wengine hufumba macho.

Swali langu: alama za mafundi zikubaliwe rasmi, au zipigwe marufuku moja kwa moja?

Mimi nasema zikubaliwe, tena zipewe mahali pa wazi. Jeshi la Anga la Marekani tayari huandika kwenye ndege zake nyingi jina la rubani pamoja na jina la fundi mkuu anayeitunza ndege hiyo kila siku. Ni jambo jema, ila linaishia kwa huyo mmoja. Aliyekesha karakanani akibadilisha mhimili wa bawa, au akiziba matundu ya risasi ili ndege iruke alfajiri, jina lake limo kwenye daftari la matengenezo analotia saini, ambalo hakuna atakayelifungua tena isipokuwa siku ya ajali.

Mfano wa zamani upo. Katika makumbusho ya Smithsonian kuna ndege ya Vita Kuu ya Kwanza, SPAD XIII iliyopewa jina Smith IV, aliyoirusha Ray Brooks mwaka 1918. Matundu ya risasi kwenye kitambaa chake yalizibwa kwa viraka, na juu ya kila kiraka ikachorwa misalaba midogo myeusi ya Kijerumani. Wageni huviangalia kama ushahidi wa ushujaa wa rubani. Ni kweli. Lakini kila kiraka ni kazi ya mikono ya mtu pia, na misalaba ile inahesabu risasi za adui wala haimtaji aliyeziba.

Kama tunaamini maisha ya rubani yako mikononi mwa fundi, kwa nini tuone aibu kumtaja fundi? Nawasilisha.

Mkaguzi wa Zamu

Mkuu, nakuheshimu, ila napinga, na napinga kwa sababu za kazi.

Anza na kitu kidogo kabisa, penseli. Fundi wa ndege hufundishwa mapema kwamba haruhusiwi kuchora kwenye alumini kwa penseli ya kawaida. Ile risasi nyeusi ya penseli ni grafaiti, ambayo ni kaboni. Ikikutana na alumini penye unyevu, unapata kitu kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Mstari uliochorwa kwa nia njema unageuka kuwa mfereji wa kutu. Kama mstari wa penseli unaleta hayo, sembuse jina lililochongwa kwa ncha ya bisibisi?

Mkwaruzo kwenye bati la ndege si suala la urembo. Ndege inapopaa na kushuka, bati linavutwa na kuachiwa maelfu ya mara, na ufa unapenda kuanzia pale penye mkwaruzo. Chukua ndege ya abiria ya China Airlines, safari namba 611. Mwaka 1980 mkia wake uliburuzika kwenye barabara ya kutua. Bati lenye mikwaruzo halikuondolewa inavyotakiwa, likafunikwa kwa bati jingine juu yake. Nyufa zilikua chini ya kile kiraka kwa miaka 22, mpaka tarehe 25 Mei 2002 ndege ilipopasuka angani juu ya mlangobahari wa Taiwan. Watu 225 walikufa. Hakuna aliyechonga jina pale, najua. Ninachosema ni kwamba chuma hakiulizi mkwaruzo umetoka wapi.

Stika nazo. Ubavuni mwa ndege kuna matundu madogo ya kupimia mgandamizo wa hewa, na ndiyo yanayomwambia rubani yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya AeroPerú, safari 603, iliruka usiku kutoka Lima huku matundu hayo yakiwa yamezibwa kwa utepe wa gundi uliosahaulika baada ya kuosha ndege. Vipimo vikawadanganya marubani, na watu wote 70 wakaangamia baharini. Utepe tu! Sasa niambie, kijana wa kikosi kingine anayebandika stika gizani kwa haraka asionekane, anajua kila tundu la ndege ile?

Na heshima unayoidai ipo tayari. Katika Jeshi la Anga la Marekani, ndege yenye kasoro kubwa huwekewa alama ya X nyekundu kwenye fomu zake. Hairuki mpaka mtu mwenye mamlaka atie saini kwamba kazi imekamilika na imekaguliwa. Saini hiyo moja ina nguvu ya kuizuia ndege nzima chini. Unataka heshima gani zaidi ya hiyo?

Bawa la Kushoto

Mkaguzi, somo la penseli ni zito na kila mtu hapa alisome mara mbili. Ila mifano yako miwili mikubwa haimgusi fundi anayezungumziwa. Moja ni matengenezo mabovu, nyingine ni utepe wa waosha ndege. Mleta mada anataka jina liwekwe hadharani, kwa idhini. Hatari unayoieleza inatoka kwenye alama za kificho, na marufuku ndiyo inayozaa kificho. Mpe fundi mahali palipopimwa na mhandisi uone kama ataendelea kujificha ndani ya vifuniko.

Msoma Kumbukumbu

Naongeza upande wa historia, kwa sababu mstari kati ya ukaguzi na alama binafsi haujawahi kunyooka.

Wengi mnaijua ile katuni ya mtu mwenye pua ndefu anayechungulia ukutani, na maneno kwamba Kilroy alikuwa hapa. Askari wa Marekani waliisambaza kila walikokwenda katika Vita Kuu ya Pili. Asili yake inayokubalika zaidi ni ya karakanani. James J. Kilroy alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha meli cha Fore River, Quincy, Massachusetts. Wapiga ribiti (misumari ya kuungia mabati) walilipwa kwa idadi ya ribiti, na alama ya chaki ya mkaguzi ilikuwa rahisi kufutwa ili kazi ileile ihesabiwe mara mbili. Basi akawa anaandika jina lake kwa krayoni. Meli zikaingia baharini na jina lake ndani, na askari waliokuwa wakilala humo wakalikuta kila kona. Mwaka 1946 alitambuliwa kwenye shindano na kuzawadiwa behewa la tramu.

Mfano wa pili ni ndege ya mabomu ya Marekani, B-17 iliyoitwa 5 Grand, iliyotoka kiwandani kwa Boeing, Seattle, mwaka 1944. Wafanyakazi waliijaza saini zao kuanzia puani hadi mkiani, kwa ruhusa kamili, na ikaenda vitani Ulaya hivyohivyo. Baada ya vita ilikatwa vyuma chakavu. Hili linaniuma kuliko yote yaliyosemwa hapa. Maelfu ya watu walikuwa na ndege moja yenye majina yao.

Kwa hiyo siungani na Mkaguzi anaposema saini ya kitabuni inatosha. Karatasi hupotea, na watengenezaji wa makumbusho wakifungua ndege ya zamani, maandishi ya ndani ya bati ndiyo huwapa habari ambazo hazimo kwenye faili lolote.

Mama wa Zamu ya Usiku

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba alama zote ni majina. Siyo. Alama binafsi jeshini zimekuwa pia picha za wanawake walio nusu uchi, na mwaka 2007 Uingereza iliamuru picha za namna hiyo zifutwe kwenye ndege zake. Nilifurahi. Mwanamke anayeingia karakanani na sanduku la spana zake hapaswi kufanyia kazi chini ya picha inayomwambia yeye ni pambo. Ukifungua mlango wa alama za fundi, nani atachuja? Mkubwa wa zamu ambaye naye alicheka picha ilipochorwa?

La pili ni lawama. Ndege ikianguka, kamera zinafika kabla ya wachunguzi. Jina lililo wazi kwenye mabaki litasambaa jioni hiyohiyo, na kwa watu wengi mwenye jina ndiye muuaji, hata kama ajali ilisababishwa na ndege wa angani walioingia kwenye injini. Ndege ya kivita huanguka hata nchi ya adui. Fundi ana mke, ana wazazi, ana watoto shuleni. Daftari linamtambulisha kwa wanaostahili kujua, na linamficha kwa wasiostahili.

Mleta mada

Nashukuru kwa hoja nzito. Dada wa zamu ya usiku, hoja ya lawama ndiyo iliyonikalisha zaidi, kwa hiyo nasema nilipo sasa.

Picha hapana. Stika kwenye ndege ya kikosi kingine hapana, hata kama ni utani wa kirafiki, kwa sababu aliyebandika hawajibiki na ndege ile. Kuchonga hapana, hilo Mkaguzi amelimaliza. Ninachotetea ni jina la aliyefanya kazi na kuitia saini, lichapwe kwa karatasi nyembamba ya gundi iliyoidhinishwa, ndani ya mlango wa magurudumu au sehemu nyingine ambayo mhandisi ameipitisha, na liandikwe kwenye daftari la ndege kama kitu kingine chochote kilichowekwa juu yake. Ndege ikienda vitani, liondolewe kama rubani anavyoondoa nembo zake. Ikirudi, lirudishwe. Ndege ikistaafu, orodha ya majina yote iende nayo, iwe makumbusho au kwenye vyuma chakavu.

Mkaguzi ameuliza heshima gani zaidi ya ile ya X nyekundu. Saini ile ni wajibu, inamfunga fundi. Haimshukuru. Wakati wa sherehe rubani anasimama mbele ya ndege yenye jina lake ubavuni, na aliyeunganisha mkia anasimama nyuma ya kamba pamoja na wageni. Hilo ndilo ninalolipinga.

Mkaguzi wa Zamu

Kwa masharti hayo umenisogeza, ila hujanifikisha. Kazi kubwa ya mkia inapita kwenye zamu tatu. Kuna aliyetoboa, aliyepiga ribiti, aliyeziba kingo, aliyepaka rangi, na mimi niliyekuja mwisho na tochi na kioo. Ukiandika jina moja, umewadhulumu wengine. Ukiandika yote, mlango wa magurudumu hautatosha. Utamwandika nani?

Mleta mada

Wote waliotia saini, mkuu, kwa herufi ndogo. Na wewe wa tochi na kioo pia.

Bawa la Kushoto

Na kijana wa mafunzo aliyeshikilia taa usiku kucha, asiye na mamlaka ya kusaini? Huyo mtamweka wapi?