Naomba ushauri: natafuta chimbuko la ukoo wa mama mkwe, Ireland

Wakuu, heshima kwenu. Nimeolewa Boston, na mama mkwe asili yake ni Ireland. Tangu anisikie nikiwatajia wanangu babu zao wa kwetu mmoja mmoja, naye anataka kujua wake walitoka kijiji gani. Kazi ikaniangukia mimi!

Babu wa babu yake alihama wakati wa ile njaa kubwa ya viazi, 1845 hadi 1852. Cheti chake cha ndoa, mahali pa kuzaliwa, kimeandikwa "Ireland", basi. Ukoo ni Murphy, jina lililoenea kuliko yote kule. Inasemekana ndugu yake mmoja alibaki New York, mwingine akaenda kuchimba makaa Pennsylvania, wakapoteana hapo.

Sensa za 1901 na 1911 zipo bure mtandaoni, ila kwetu zimechelewa mno. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua Dublin mwaka 1922. Vimebaki vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki, lakini bila kuijua parokia nafungua kipi?

Nasikia gazeti la Boston Pilot lilichapisha matangazo ya watu kutafuta ndugu, yakitaja hadi parokia walikotoka. Kuna aliyewahi kuyapekua? Na wale waliopima DNA: nimpime mama mkwe peke yake, au na kaka yake mkubwa pia, maana umri umeenda? Bei si mchezo, na mume wangu ameshaanza kuguna.