Waliowekewa pete ya tumbo: kilo zinashuka kwa kudonoa, mnavumiliaje? Tupeane uzoefu

Mama Wawili UK
Habari zenu wapendwa. Nimetoka kusoma kule kwenye uzi wa puto la tumboni, dada mmoja analia kwamba mwenzake kakatwa utumbo, yaani kapunguzwa tumbo lenyewe kwa kisu, kapukutika ndani ya miezi michache, yeye yuko palepale. Nikaona niwaite wenye pete ya kubana tumbo, maana sisi ndio kobe wa humu ndani na hakuna anayetuulizia hali.

Mimi nimewekewa huku Uingereza. Kabla ya upasuaji walininywesha maziwa na mtindi wiki mbili ili ini lisinyae wapate nafasi ya kupita. Baada ya hapo supu, kisha vyakula vya kuponda. Kipindi hicho nilishuka mpaka nikaanza kuvaa suruali za zamani. Nilivyorudi kwenye chakula kigumu, mizani ikagoma. Wiki hii nusu kilo, ijayo sifuri, ya tatu inapanda kwa kunikomoa. Nesi wangu ananiambia nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ndio mwendo wa pete, nisihangaike. Kichwa kinaelewa, moyo unakataa. Baba watoto naye kila Jumamosi anachungulia mizani nyuma ya mgongo wangu kama anaangalia matokeo ya mpira.

Mliotangulia mlivukaje? Wauza chai za kukata tumbo naomba mpite mbali.

Jogoo la Shamba
Fungeni midomo. Ugali nusu ngumi, tembea kilomita tano, bure kabisa. Mtu analipa mamilioni afungwe tumbo kwa mpira wakati mdomo ni wake!

Bint Shangani
Ishaanza. Wewe Jogoo kila uzi wa unene umo, hebu kawike kwengine.

Nesi Mkorofi
Jogoo, kama kufunga mdomo kungetosha nisingekuwa na wagonjwa. Mwili ulionenepa miaka ishirini unapigania kilo zake, ukipunguza kula nao unapunguza matumizi na njaa inapanda. Haya, tuendelee na wenye shida.

Mama Wawili, nimefanya kazi wodi ya upasuaji nje kwa muda, nikueleze kwa kirefu kidogo. Pete inazunguka sehemu ya juu ya tumbo, inakutengenezea kijifuko kidogo pale juu. Imeunganishwa na mrija hadi kwenye kitufe kilicho chini ya ngozi. Siku wanakuwekea, mara nyingi pete huachwa tupu au karibu tupu ili kidonda kipone. Kuanza kujaziwa maji ya dripu ili ikaze, kwa sindano kwenye hicho kitufe, ni kama wiki ya sita hivi, tena kidogokidogo. Sasa watu wengi wanahesabu kuanzia siku ya kisu, wanasema miezi mitatu sioni kitu, kumbe pete yenyewe haijakaza bado. Anayekatwa utumbo anaondolewa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi siku hiyohiyo, usijilinganishe naye hata kidogo. Wenye pete hupungua kwa miaka miwili hadi mitatu, na wengi huishia kupoteza karibu nusu ya ule uzito uliozidi. Nusu ya ULIOZIDI, siyo nusu ya mwili. Kuna watu hawakuelezwa hilo.

Swali langu kwako: ukila kiasi cha kisosi cha chai, unashiba kwa masaa mangapi? Kama saa moja baadaye unafungua friji, hapo uvumilivu hausaidii, pete inataka maji. Omba wakuongezee.

Halafu kwa faida ya wote: pete hii ya kuwekwa kwa matundu madogo ilianza Ubelgiji mwaka 1993, na aliyeiweka kwa mara ya kwanza ni Dk. Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyechunga mifugo utotoni. Nawaambia mjue tu kuna mkono wa jirani zetu humo.

Kichuna wa Zamani
Nusu ya uliozidi... mimi niliahidiwa nitakuwa kama binti wa miaka ishirini. Ngoja nikae chini.

Mzee wa Kariakoo
Mimi ni puto, siyo pete, ila naomba nafasi. Siku za mwanzo nilitapika mpaka nikasahau jina la mke wangu. Zikashuka vizuri, puto likatolewa baada ya miezi sita, zikaanza kurudi moja moja. Hiyo pete mnaitoa lini?

Nesi Mkorofi
Haina tarehe ya kutolewa mzee, inakaa mpaka ilete shida. Na ukweli usemwe, kuna wengi imewaletea shida wakatolewa wakakatwa utumbo, ndiyo maana siku hizi hospitali nyingi duniani zimepunguza kuiweka.

Mkwe wa Moshi
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa nimekaa kimya kwenye huu uzi lakini hilo neno "shida" limenifungua.

Mimi niliwekewa India. Nyumbani walijua nimeenda kutibiwa mgongo. Kwetu ukisema umefanyiwa upasuaji wa unene utasemwa mpaka kwenye jumuiya. Kilo zilikuwa zinashuka taratibu mno, kiasi kwamba hakuna aliyegundua, na mimi nikawa na hasira kwamba nimelipa pesa yote ile na hata shangazi hajaniambia nimepungua.

Ikaja send-off yangu. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imeingia ukumbini na majani mdomoni, muziki juu, MC anaita wakwe. Mnajua ilivyo: mnalishana mbele za watu. Mama mkwe mtarajiwa akakata pande la nyama, siyo kipande, PANDE, na ngozi yake iliyokaukia, akalielekeza mdomoni kwangu. MC ameshika maiki anahesabu "moja... mbili..." Mimi natakiwa nitafune kila tonge mara ishirini. Utatafuna mara ishirini na kamera ya video usoni? Nikatafuna mara nne nikameza.

Likakaa hapa, katikati ya kifua. Wenye pete mnaijua ile: kwanza kama umemeza jiwe, halafu mate yanaanza kuja mazito, yana utelezi, hayamezeki wala hayaishi. Natabasamu, mate yanajaa. MC ananiuliza "Bibi harusi, ndafu tamu?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaniwekea maiki mdomoni. Nikafunika mdomo kwa kile kitenge cha begani nikakimbilia nyuma ya jukwaa.

Shangazi kanifuata, kanipiga mgongoni, kaniletea soda "isukume". Jamani soda! Gesi ikakutana na nyama, nikaona nyota. Vyote vikarudi, nyama na povu, mbele ya wifi aliyetumwa kunichungulia. Wifi hakuuliza kitu, alirudi ukumbini akamnong'oneza mama yake. Nasikia kutoka kule nyuma: VIGELEGELE. Mama mkwe anashukuru Mungu kwa mjukuu. MC akadaka hapohapo, "wanasema mambo ni mawili kwa moja!" Baba yangu mzazi alikuwa meza ya mbele. Sitaeleza uso wake.

Usiku ule sikuweza kumeza hata mate. Kesho yake tukaenda hospitali, daktari akaona picha akasema pete imesogea kutoka mahali pake, na akaniambia wazi hajawahi kuishughulikia. Alikuwa muungwana, alipiga simu kwa wenzake mpaka akapata maelekezo, wakatafuta sindano yake, wakatoa maji yote. Nilipomeza maji ya kawaida yakashuka nililia.

Kuanzia hapo pete tupu, njaa ikarudi yote, na kilo nilizozisubiri kwa machozi zikarudi bila hata kubisha hodi. Ndiyo nawaambia: kabla ya kulia kwamba zinashuka polepole, hakikisheni mnajua nani atawajazia na kuwapunguzia mkiwa nyumbani.

Kichuna wa Zamani
VIGELEGELE 😂😂😂 nimemwaga chai.

Mzee wa Kariakoo
Dada pole, lakini nimecheka mpaka nimepaliwa. Baba alisemaje?

Dereva wa Tunduma
Ndoa ilifungwa au ndiyo basi?

Mkwe wa Moshi
Ilifungwa. Baba alinuna mpaka nikamwonyesha picha ya eksirei. Mama mkwe hadi leo anasubiri mjukuu wa ile ndafu.

Dereva wa Tunduma
Na wifi?

Mama Wawili UK
Jamani uzi wangu 😅. Nesi, kisosi nakula nashiba, lakini masaa mawili tu. Jioni ndio balaa, natafuna chochote.

Nesi Mkorofi
Masaa mawili ni mafupi, wapigie. Na "chochote" ndiyo nini hicho?

Mama Wawili UK
Biskuti. Na uji.

Bint Shangani
Hapo hapo bibi! Mie niko Maskati, pete ninayo mwaka wa tatu. Pete huzuia nyama na mkate, tamu haizuii. Haluwa huteleza, uji wa sukari huteleza, aiskrimu hiyo usiseme. Mwezi wa Ramadhani ndio uzito wangu hupanda, watu hawaamini. Magharibi naanza na tende na maji, nangoja, kisha shorba. Hapo niko sawa. Lakini ikija sahani ya kaimati zimelowa shira, zinapita moja moja kama hazikuona pete. Daktari wangu aliniuliza nakula nini, nikamtajia samaki na mboga. Akanitazama tu. Nilipoacha juisi na kaimati, mizani ikatembea bila kuongezwa hata tone la maji.

Ila kufunga swaumu usijiamulie, muulize daktari wako kwanza, maana kunywa maji mengi kwa mpigo magharibi hatuwezi.

Mama wa Likoni
Wallahi na madafu? Hayo nayo yahesabiwa?

Bint Shangani
Madafu kidogo si tabu. Tatizo ni wewe unaniuliza madafu na mkononi una sharbati.

Jogoo la Shamba
Kwa hiyo mmefungwa tumbo na bado inabidi mfunge mdomo. Nilisema nini?

Kichuna wa Zamani
Jogoo wewe una kilo ngapi? Weka hapa.

Jogoo la Shamba
Mimi ni mifupa mizito.

Kichuna wa Zamani
Haya tumekuelewa.

Dereva wa Tunduma
Mimi dada yangu anayo. Alichofanya, mizani aliivunja kwa nyundo. Anajipima kwa gauni moja la harusi ya mdogo wetu, mwisho wa mwezi analivaa. Zipu ilikuwa inaishia kiunoni, sasa imevuka mgongo. Kilo hajui na hataki kujua.

Mzee wa Kariakoo
Naunga mkono nyundo.

Nesi Mkorofi
Siungi mkono nyundo. Jipimeni mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai, halafu futi ya fundi cherehani kiunoni na pajani mara moja kwa mwezi. Anayepanda mizani kila siku anapima maji na choo.

Mwana wa Mbagala
Mimi napima kila siku na imenisaidia. Nikiacha wiki najisahau. Kila mtu na kichwa chake nesi.

Salome wa Ubungo
Naomba niseme jambo. Sisi wengine tunashukuru zinashuka polepole. Mdogo wangu alikatwa utumbo, akakonda ghafla, mtaani wakaanza "kakanyaga miwaya", yaani ana ukimwi. Mwenye nyumba wake akamwuliza kama anaendelea na dawa. Alitembea na karatasi za hospitali kwenye pochi. Mimi na pete yangu nimepungua wananiangalia tu, "Salome umebadilisha mafuta ya kupaka?" Acha iende hivyohivyo.

Mkwe wa Moshi
Salome umesema kweli. Mimi walisema mgongo umenila.

Mwana wa Mbagala
Ugali mnakula au hamli? Maana kule mwanzo Jogoo kasema nusu ngumi.

Salome wa Ubungo
Nakula, laini, matonge madogo na mlenda.

Mama wa Likoni
Mimi sima hainipiti kamwe, hukwama. Wali mkavu pia. Chapati ya ngano ndiyo adui kabisa.

Nesi Mkorofi
Kila pete na mwenyewe. Ila haya ni ya wote: usinywe wakati wa kula, ngoja nusu saa. Soda za gesi acha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze kiholela, zinachubua tumbo na pete inaweza kula ukuta wa tumbo. Na ukiona unakohoa usiku ukilala, au kiungulia kinapanda mpaka kooni, pete imekaza kupita kiasi. Watu wanaona sifa kukaza ili zishuke haraka, wanatapika kila siku, halafu wanahamia kwenye aiskrimu maana ndiyo inayopita, na kilo zinapanda. Usipoweza kumeza mate, hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kesho kama bibi harusi wetu.

Chai Asilia Original
Habari, tuna chai ya mitishamba inapunguza kilo 10 kwa wiki bila upasuaji, delivary mikoa yote...

Bint Shangani
Mama Wawili alisema mpite mbali. Hamjui kusoma?

Fetty wa Sinza
Nimechelewa. Mimi nafikiria kuwekewa. Wanapojaza maji inauma?

Salome wa Ubungo
Kuchomwa sindano tu. Bili ndiyo inauma.

Mama Wawili UK
Nimepiga, wamenipa miadi Alhamisi wanijazie. Biskuti nimempa baba watoto afiche.

Kichuna wa Zamani
Atazila yeye.

Jogoo la Shamba
Samahani Mkwe wa Moshi, ile ndafu iliyobaki nani aliimaliza?

Mkwe wa Moshi
Kamati. Kwani na wewe ulichanga?