Tupeane uzoefu: nani alikufungua macho kwenye derivativu?

Karatasi_Tupu
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili la derivativu, yaani ile hesabu ya kasi ambayo kitu kinabadilika. Si kwamba msaada haupo, upo hadi unazidi. Ukipiga picha swali, programu ya simu inakumwagia hatua zote kabla hujakaa sawa. Shida inakuja kesho yake: swali ni lilelile, limebadilishwa namba tu, na kichwa kitupu. Kwa hiyo siombi mnifanyie maswali. Nataka kusikia kwa mliopita huku: ni msaada gani uliwaingia kweli, na nani aliutoa? Mimi nimekwama kwenye kanuni ya mnyororo (fomula iliyo ndani ya fomula nyingine), ila leteni chochote.

Hatua_Ndogo
Mimi alinisaidia dada mmoja aliyenitangulia kwa mwaka. Nilimpelekea rundo la maswali, akaliweka pembeni. "Derivativu ya x² ni nini?" Nikajibu 2x. "Kwa nini?" Kimya.

Akanipa kikokotoo. Chukua x = 3, sogea hadi 3.1. Hapo x² imetoka 9 imefika 9.61. Gawa ongezeko hilo kwa hatua uliyosogea: 6.1. Sogea 0.01 tu: 6.01. Sogea 0.001: 6.001. "Unaona inaelekea wapi?" Ndipo akaandika kwa herufi: ((x + h)² − x²)/h. Fungua mabano, fupisha, inabaki 2x + h. Hiyo h ikipungua kuelekea sifuri, unabaki na 2x. Maswali yenyewe tuliyagusa siku nyingine, na wala hayakuwa magumu tena.

Bahasha
Mkuu Karatasi, kwa mnyororo chukua hii: y = (3x² + 1)⁵.

Mwalimu wangu wa masomo ya ziada alikuwa na sharti moja. Kabla hujaandika chochote, zungushia kalamu kilicho ndani ya mabano, kiite u. Ni bahasha ndani ya bahasha, unaanza na ya nje. Ya nje ni u⁵, inatoa 5u⁴. Ya ndani ni 3x² + 1, inatoa 6x. Zidisha, kisha rudisha u mahali pake: 30x(3x² + 1)⁴. Wengi huishia 5(3x² + 1)⁴ wakadhani wamemaliza.

Ila kilichonifaa zaidi ni kujikagua bila kumsubiri mtu. Weka x = 1, jibu letu linatoa 30 × 256 = 7,680. Sasa kokotoa y yenyewe: kwenye 1 ni 1,024, kwenye 1.001 ni kama 1,031.707. Toa, gawa kwa 0.001, unapata takriban 7,707. Hazilingani sawasawa kwa kuwa hatua yetu bado si sifuri, lakini ziko jirani. Lile jibu lililosahau 6x lingekupa 1,280. Hapo huhitaji mwalimu akuwekee alama ya kosa.

Karatasi_Tupu
Hii ya kujikagua sijawahi kuonyeshwa na mtu. Naijaribu leo leo.

Vipeo_Kwanza
Niseme lisilopendwa: nusu ya wanaotafuta msaada wa derivativu wanahitaji msaada wa vipeo na mabano. Kijana aliyekuwa akinielekeza alipekua daftari langu, akasema kalkulasi naielewa, kinachoniangusha ni aljebra ya madarasa ya nyuma. Kipindi kizima tukawa tunaandika upya vitu tu. √x ni x kwa kipeo cha nusu. 1/x² ni x⁻². Ukishafika hapo kanuni ya kipeo (kipeo kinashuka mbele, kisha kinapungua moja) inamaliza kazi: −2x⁻³.

Na hii: (x³ + 4)/x. Watu wanakimbilia kanuni ya kugawanya, wanajaza nusu ukurasa. Gawa kwanza, upate x² + 4/x. Derivativu 2x − 4/x². Kwisha.

Macho_Mbele
Mie bila picha siendi. Rafiki yangu alinifungulia GeoGebra, programu ya kuchorea grafu, akachora x³ − 3x, akaweka nukta juu ya grafu pamoja na mstari unaoigusa grafu kwenye nukta hiyo. Akaniachia niikokote. Ukifika x = −1 mstari unalala kabisa, ukifika 1 unalala tena. Derivativu yake ni 3x² − 3, nayo ni sifuri palepale. Tangu hapo maswali ya kilele na bonde nayaona kabla sijayakokotoa.

Sini_Kosini
Kuna mwingine aliyewahi kugombana na kitabu? Derivativu ya sin²x: kitabu kinasema 2 sin x cos x, programu inasema sin 2x. Nilikesha.

Msahihishaji
@Sini_Kosini ni kitu kimoja hicho, ni utambulisho wa trigonometria tu. Majibu mawili yakikuchanganya, weka namba moja kwenye yote mawili, kisha nyingine. Yakipishana hata mara moja, si sawa. Vivyo hivyo kwa dy/dx na f′(x): ni alama mbili za derivativu kutoka kwa wanahisabati wawili, ya kwanza tumeipata kwa Leibniz, ya pili kwa Lagrange, maana ni ileile. Nimeona mtu akisaidiwa na watu wawili, kila mmoja na alama zake, akaamini anafundishwa mada mbili.

Mimi niko upande wa pili, wa kuombwa msaada. Ujumbe wa "nisaidie namba 7" unaokuja saa nne usiku, kazi inakusanywa asubuhi, siupendi na sitaacha kusema. Nitumie mstari wako wa mwisho ulioandika, hata kama ni mmoja. Mtu akinionyesha kwamba kwa x² sin x ameandika 2x cos x, najua papo hapo kwamba amezidisha derivativu mbili, namwelekeza kwenye kanuni ya kuzidisha: 2x sin x + x² cos x. Wala asione aibu. Mwaka 1675 Leibniz mwenyewe alijiuliza kama kuzidisha hivyo kunafaa, akajaribu, akaona hakufai.

Hatua_Ndogo
Naongezea kwa wanaotumia akili bandia: iambie ikupe kidokezo kimoja inyamaze. Na usiiamini kwa sababu tu imeandika kwa kujiamini. Ile njia ya Bahasha ya 1.001 inaikagua nayo vilevile.

Mgeni_Hapa
Samahani kuingilia. Nina y = xˣ. Nimetumia kanuni ya kipeo nikapata x · xˣ⁻¹, ambayo inarudi kuwa xˣ ileile. Nimejikagua kwenye x = 2 kwa 2.001, inakuja karibu 6.8 badala ya 4. Nimekwama wapi?

Msahihishaji
Sasa hivyo ndivyo mtu anavyouliza. Kanuni ya kipeo inataka kipeo kisichobadilika, chako kinabadilika pamoja na x. Chukua logi asilia (ln) pande zote mbili, halafu tafuta derivativu ya kila upande. Kulia utakutana na kanuni ya kuzidisha. Weka hapa mstari utakaoupata, tuendelee.

Mgeni_Hapa
ln y = x ln x. Kulia nimepata ln x + 1. Kushoto ni y′/y?

Msahihishaji
Ndiyo. Malizia, kisha weka 2.