Binti yangu wa miaka 12 bega moja limepanda, mfupa wa mgongoni umetokeza. Nianzie wapi?

Mama wa Watatu

Habari zenu wana jukwaa. Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umenikataa.

Juzi nilikuwa namchana nywele binti yangu. Kitana kikanidondoka, akainama kukiokota, na hapo ndipo nilipoona. Upande wa kulia wa mgongo ulikuwa umenyanyuka, kama mtu ameingiza kiganja chini ya ngozi. Wa kushoto umelala bapa. Alipoinuka ule mwinuko ukapungua, ila ule mfupa bapa wa nyuma ya bega la kulia umetokeza kuliko mwenzake, na bega lenyewe limepanda kidogo. Nikapitisha kidole juu ya pingili, kuanzia shingoni kushuka. Hakikwenda moja kwa moja. Katikati ya mgongo kilihamia kulia, kikarudi kilipokaribia kiunoni.

Hana maumivu. Anakimbia, anaruka kamba, analala vizuri. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya cha jirani, wakamtazama akiwa na shati mwilini, wakasema ni mkao mbaya, tukapewa dawa za maumivu ambayo mtoto hana. Bibi yake naye katamka neno lililonichoma: "Huyu anaanza kibiongo."

Naombeni mnisaidie. Tatizo ni la bega, la mbavu au la uti wa mgongo? Nimpeleke kwa nani? Na je, ni mimi nilizembea? Mkoba wake wa shule ni mzito na amezoea kuuning'iniza bega moja.

Mzee Kijana

Pole sana mama. Usijitie hofu, ni mkoba huo. Mpe wenye mikanda miwili, na kila jioni asimame ameegemea ukuta, kisogo na visigino vimegusa, dakika kumi. Wangu alikuwa hivyo hivyo akanyooka.

Mnyoosha Viungo

Mzee Kijana, najua umesema kwa nia njema, lakini hapa nakupinga kabisa, maana mama akikusikiliza atapoteza miezi ambayo mtoto huyu haimrudii.

Mtoto aliyejikunja kwa mazoea, akiinama mgongo wake unakaa sawa pande zote mbili. Huyu ndiyo kwanza unajitokeza anapoinama. Hiyo ndiyo tofauti ya kushika. Mama, jicho lako limeona kitu ambacho daktari mpasuaji wa Uingereza, William Adams, alikieleza mwaka 1865, na mpaka leo kipimo cha kwanza ni hichohicho cha kuinama.

Sasa swali lako la bega, mbavu au uti. Jibu ni uti, lakini ngoja nieleze kwa nini unaona bega.

Pingili 12 za sehemu ya kifua ndizo zinazobeba mbavu, kila pingili na jozi yake. Kila ubavu umeshikana na pingili kwa nyuma, unazunguka kifua kuja mbele. Kwa hiyo pingili ikijisokota, hata kidogo, inaondoka na mbavu zake: za upande mmoja zinasukumwa nyuma, za upande wa pili zinavutwa mbele. Kile "kiganja" ulichokiona ni mbavu. Juu yake ndipo ulipolala ule mfupa bapa wenye pembe tatu, kombe la mkono. Kombe halikuunganishwa na mbavu kwa kiungo chochote cha mifupa, limeshikiliwa na misuli. Mfupa pekee unaoufunga mkono na kiwiliwili ni mtulinga, ule unaopita mbele chini ya shingo na kuishia kwenye kidari. Ndiyo maana mbavu zikiinuka, kombe linainuka nazo. Ukishughulikia bega utakuwa unafukuza kivuli.

Na kibiongo ni kitu kingine. Kibiongo ni mgongo kupinda kwenda nyuma, unauona ukimtazama mtu kwa ubavuni. Huu wa binti, kama ndio, ni kupinda kwenda pembeni pamoja na kujisokota. Hospitalini wanauita skoliosisi. Kwa watoto wa umri wake, mara nyingi chanzo hakijulikani. Mkoba hausababishi. Mkao hausababishi. Tafadhali ondoa hilo la uzembe moyoni mwako.

Fanya hivi kesho mchana, kwenye mwanga. Avue shati, asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, kisha ainame taratibu huku mikono inaning'inia. Kaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo. Mwinuko ukiwa upande mmoja, umepata jibu la kwanza. Halafu mwambie asukume ukuta kwa mikono miwili. Kombe likichomoza kama bawa wakati anasukuma, huenda kuna msuli au neva iliyolegea, na hilo lina njia yake. Mweleze daktari yote mawili.

Mpeleke kwa daktari wa mifupa, anayeona watoto kama yupo. Usisubiri miezi.

Mama wa Watatu

Mungu akubariki. Nimefanya. Akiinama mwinuko uko kulia, wazi kabisa. Akisukuma ukuta makombe yametulia yote.

Sasa hofu imenifanya nimpapase mwili mzima. Nimekuta kijiti kigumu chini ya kifua, pale mbavu zinapoachana juu ya tumbo. Na nundu pale shingo inapokutana na mgongo. Navyo ni ugonjwa?

Mnyoosha Viungo

Jipapase na wewe, utavikuta. Kijiti ni ncha ya chini ya kidari, na kwa mtoto bado ni gegedu. Nundu ni pingili ya 7 ya shingo, ambayo mwiba wake wa nyuma ni mrefu. Wala usiviguse tena.

Chumba cha Giza

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za eksirei, niongezee machache.

Picha ipigwe akiwa AMESIMAMA, na ionyeshe uti wote, kuanzia shingo hadi nyonga. Akilala, uzito wa mwili unaondoka kwenye pingili na pindo linaonekana dogo kuliko lilivyo. Uliza pia kama inawezekana miale iingie kwa mgongoni, siyo kwa mbele, kwa sababu matiti ya msichana ndiyo yanaanza kukua na njia hiyo inayapunguzia mionzi. Hakuna atakayekushangaa kwa kuuliza.

Kwenye picha daktari atapima pembe kati ya pingili iliyoinama zaidi juu ya pindo na ile iliyoinama zaidi chini ya pindo. Njia hiyo tunaiita ya Cobb, daktari wa Marekani aliyeieleza mwaka 1948. Chini ya nyuzi 10 haihesabiwi kuwa skoliosisi. Kati ya 10 na 25 kwa kawaida wanamfuatilia mtoto. Ikifika 25 hadi 40 na mtoto bado anakua, ndipo linapokuja suala la jaketi gumu la kuvaa kiwiliwilini ili pindo lisiongezeke. Ikivuka 45 au 50, mazungumzo yanakuwa ya upasuaji.

Usishangae daktari akitazama pia ukingo wa juu wa nyonga, au akiuliza kama binti ameanza hedhi. Anataka kujua mifupa imebakiza kukua kiasi gani. Pindo huongezeka zaidi mwili unaporefuka kwa kasi.

Mnyoosha Viungo

Chumba cha Giza kanikumbusha. Mama, kuna dalili ambazo ukiziona unakwenda siku hiyohiyo: maumivu yanayomwamsha usiku, miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, mkojo au choo kumtoka bila kujizuia. Homa za jioni, kukonda na mgongo kuuma nazo zisisubiri, maana kifua kikuu nacho huingia kwenye pingili. Hujasema hata moja ya hizo, ila uzijue.

Zuhura89

Dada, mimi nilikuwa huyo mtoto. Niligunduliwa nikiwa na 13, nyuzi 31, kulia kama wa kwako. Nililia sana, siyo kwa maumivu, bali kwa sababu mama alikuwa ananitazama kila nikipita kama kitu kinachovunjika. Nakuomba hilo moja: mwangalie usoni kabla ya mgongoni.

Jaketi la plastiki nililivaa miaka miwili. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Marekani na Kanada: kati ya waliovaa, 72 kwa 100 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50; wasiovaa walikuwa 48. Na waliovaa karibu saa 13 kwa siku au zaidi walifanikiwa zaidi ya 90 kwa 100. Mimi sikujua hesabu hizo wakati ule. Nilikuwa nalivua nikifika shuleni nalificha chooni. Laiti ningeambiwa kwamba kila saa inahesabika.

Leo nina nyuzi 34. Nimezaa wawili. Kombe la kulia bado limechomoza na nguo zangu zote fundi anazipunguza bega la kushoto kidogo.

Mzee Kijana

Nimesoma yote. Mama, futa niliyosema. Mwanangu sikumwinamisha hata siku moja, na leo jioni nitamwinamisha.

Mama wa Watatu

Narudi baada ya wiki tatu. Tumeonwa na daktari wa mifupa. Picha alipigwa amesimama, na miale kwa mgongoni, niliomba wakakubali. Nyuzi 28, pindo la kulia, na bado hajaanza hedhi. Daktari amesema jaketi, saa 18 kwa siku, na tumeshachukuliwa vipimo vya kiwiliwili.

Nilimwonyesha binti ile picha. Akahesabu pingili kwa kidole, 12 zenye mbavu na 5 za chini, akasema, "Kumbe ni kama mtoto anayechungulia kwenye mstari." Sijui alilipata wapi hilo. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, yeye akanibembeleza mimi.

Zuhura, jaketi linakuja wiki ijayo. Ngozi yake ni laini, joto nalo ni kali. Wewe ndani ulivaa nini?

Zuhura89

Fulana nyembamba ya pamba inayobana mwili, ndefu ipite ukingo wa jaketi. Igeuze, mishono iwe nje isimkwaruze, na asiache mkunjo hata mmoja. Awe nazo nne, abadilishe kila akitokwa jasho. Asipake mafuta chini ya jaketi, ngozi inalainika na kuchubuka. Aanze saa chache siku ya kwanza, aongeze kama daktari atakavyompangia. Kila akilivua kagua ngozi: wekundu ukiisha ndani ya nusu saa ni kawaida. Usipoisha, mrudishe kwa aliyelitengeneza alipunguze hapo linapobana.