Gofu: draiva inakata kulia kila mara, dawa yake nini?

mwana_unyanyembe: Wakuu, habari. Nipo Tabora, natumia mkono wa kulia. Nikipiga na fimbo ya chuma namba 9 mpira unanyooka, ila nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, unaanzia kushoto kidogo halafu unakata kulia mpaka kwenye miembe. Nikilenga kushoto zaidi ndiyo kwanza unazidi. Nakosea wapi?

kichuguu: Hiyo slaisi mkuu, na huko kulenga kushoto ndiko kunakoilisha. Fimbo yako inatokea nje kuja ndani huku uso wake umefunguka ukilinganisha na njia hiyo, hivyo inausugua mpira kwa mshazari. Ukigeuza mabega kushoto, mshazari unaongezeka. Chuma 9 kinakuficha kosa kwa sababu uso wake umelala sana: mpira unazungukia nyuma zaidi kuliko pembeni.

Anzia kwenye gripu, yaani unavyoishika fimbo. Ukitazama mkono wa kushoto uone vifundo viwili hadi vitatu. Ukiona kimoja tu, uzungushe kidogo kuelekea kulia. Usikamue fimbo, viwiko vikikakamaa uso haufungi. Mwanzoni mipira mingine itakwenda kushoto kabisa, iache iende.

nyanda_tbr: Gripu peke yake haitoshi, njia nayo irekebishwe. Kwanza mpira ukae mkabala na kisigino cha kushoto. Ukiusogeza mbele ya hapo mabega yanafunguka yenyewe.

Kisha chukua chupa tupu ya nusu lita, isimamishe shubiri moja nyuma ya mpira, upande wa nje, ukiacha vidole vinne kutoka mstari wa mpira. Fimbo ikija kwa nje, chupa inaruka. Tumia chuma 7 kwanza, nusu ya nguvu. Wengi wanaanza kushuka kwa kusukuma bega la kulia, ugonjwa wenyewe ndio huo. Hamishia uzito mguu wa kushoto kwanza, mikono ifuate.

kichuguu: Chupa tupu jamani, sio tofali! Na kiangazi hiki tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, haichomeki ardhini, kata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani ukisimamishe. Nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva.

mwana_unyanyembe: Asanteni. Draiva yangu imeandikwa 9, ina shida?

nyanda_tbr: Inachangia. Nyuzi 9 za mlalo ni uso uliosimama sana kwa anayejifunza. Ukipata ya 10.5 au 12, slaisi inapungua hata kabla hujabadilisha chochote, ila gripu anza kuirekebisha kwa draiva hiyo hiyo uliyonayo.